Kwa Nini Alama Zangu Zinaachana na Picha Kadiri Video Inavyosonga?

"Habari mtaalamu. Natumia programu ya ELAN kuweka alama kwenye mazungumzo ya watu wawili, video ya dakika 45 iliyorekodiwa kwa kamera ndogo ya mkononi. Nilianza na safu ya maneno: nilisikiliza, nikakata kila tamko mahali pake kwenye mawimbi ya sauti, nikamaliza yote. Baadaye mwenzangu akaibana video, yaani akaipunguza ukubwa wa faili, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa inakwamakwama, nami nikaendelea na safu ya pili, ya miondoko ya mikono, nikitazama picha tu huku nimezima sauti. Sasa nikiifungua kazi yote pamoja, mwanzoni mambo ni sawa, lakini kufikia dakika ya 10 midomo inaitangulia sauti kwa nusu sekunde na ushei, na dakika ya 40 ni zaidi ya sekunde mbili. Alama za maneno bado zinakaa sawa na sauti, ila picha imeshapita. Juu ya hayo, nikibofya alama ileile mara mbili, picha inayosimama si ileile kila mara. Mwenzangu ananishauri nisogeze alama zote kwa sekunde mbili. Mwingine anasema programu ni mbovu, nihamie nyingine. Je, kazi yangu ya wiki nyingi imeharibika?"

Haijaharibika. Lakini kabla hujasoma zaidi, tafadhali nakili folda yote ya kazi hii, faili ya .eaf (ambamo ELAN huhifadhi alama zako), video zote mbili na faili ya sauti, uiweke nakala hiyo mahali pengine. Na usisogeze alama hata moja. Ushauri wa mwenzako umetolewa kwa nia njema, ila ungeufuata ungeivuruga safu pekee ambayo mpaka sasa haina kasoro.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni mbili zilizofungwa kwenye mzigo mmoja. Kwanza, alama na picha vinaachana kidogo kidogo. Pili, ukibofya alama, picha haitulii mahali pamoja. Haya ni matatizo mawili tofauti yenye vyanzo tofauti, na yakichanganywa mtu anaweza kuhangaika na mipangilio ya programu mpaka achoke. La kwanza ndilo linaloweza kukupotosha kwenye utafiti wako, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Tuanze na alama yenyewe ni kitu gani. Wengi hudhani alama imebandikwa juu ya picha, kwamba imeshikamana na fremu fulani, yaani picha moja kati ya zile nyingi zinazounda video. Sivyo. Fungua faili yako ya .eaf (ile nakala, si ya asili) kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida. Karibu na mwanzo utaona mistari mingi ya namna hii:

<TIME_SLOT TIME_SLOT_ID="ts412" TIME_VALUE="2400000"/>

Hiyo ndiyo alama yako ya dakika ya 40, au tuseme ncha yake moja. 2400000 ni milisekunde tangu video ianze. Hakuna kingine. Faili haijui fremu, haijui midomo, haijui mkono uliinuliwa lini. Inajua namba tu, na kila unapoichezesha, programu inaiambia video: nipe picha ya milisekunde ya 2400000. Video ikibadilishwa kwa siri nyuma ya namba hiyo, alama haina namna ya kujua. Itaendelea kuelekeza palepale, na palepale pana picha nyingine.

Kwa hiyo swali la "alama zangu zimehama?" karibu kila mara ligeuze: ni nini kilichohama chini ya alama? Kwako jibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Alama za maneno zinalingana na sauti. Picha ndiyo imetangulia. Namba hazijaguswa, sauti haijaguswa, picha imeguswa.

Imeguswaje? Video ni fremu nyingi zinazopita kwa kasi, na kamera nyingi ndogo hurekodi fremu 29.97 kwa sekunde, si 30 kamili. Namba hiyo ya ajabu ni urithi wa mwaka 1953, Marekani ilipoanzisha mfumo wake wa televisheni ya rangi. Ili mawimbi ya rangi yasigombane na mawimbi ya sauti kwenye matangazo yaleyale, mafundi walipunguza kasi ya fremu kwa kiasi kidogo sana, kutoka 30 hadi 30000 gawanya kwa 1001. Televisheni zile zilishazikwa zamani, lakini hesabu yake bado imo ndani ya kamera yako, na watu wanaoandika "30" kwenye fomu za programu wakidhani wanafupisha tu 29.97 hawajaisha.

Sasa, kuna njia mbili za kuigeuza video ya 29.97 iwe ya 30. Njia ya kwanza ni ya uaminifu: programu inaongeza fremu moja, nakala ya iliyotangulia, katika kila fremu elfu moja hivi. Urefu wa video unabaki uleule, na hakuna jicho litakaloigundua. Njia ya pili ni ya mkato: fremu zinaachwa zilezile, idadi ileile, ila zinabandikwa lebo mpya inayosema "zichezwe 30 kwa sekunde". Picha inaanza kwenda mbio kidogo. Sauti haikuguswa, inakwenda mwendo wake. Hapo ndipo midomo inapoanza kuitangulia sauti.

Inaitangulia kiasi gani? Sehemu moja ya elfu. Dakika 10 ni sekunde 600, kwa hiyo picha inatangulia sekunde 0.6. Dakika 40 ni sekunde 2400, kwa hiyo sekunde 2.4. Soma tena ulichoniandikia: nusu sekunde na ushei, kisha zaidi ya sekunde mbili. Mimi siwezi kuiona video yako, lakini vipimo vyako vinakaa kwenye hesabu hii kama mkono kwenye glavu.

Usiniamini kwa maneno tu, hakikisha. Pakua MediaInfo, programu ya bure inayosoma habari za ndani za faili, uifungulie video ya asili na ile iliyobanwa. Tazama sehemu ya video na sehemu ya sauti, kila moja ina urefu wake na ya video ina kasi ya fremu. Ninachotarajia ni kwamba ya asili itasema 29.970, na picha na sauti zote zitakuwa na dakika 45. Iliyobanwa itasema 30.000, sauti ikiwa na dakika 45 na picha ikiwa na dakika 44 na sekunde 57.3 hivi. Ukiona picha imepungukiwa na sekunde 2.7 huku sauti ikiwa kamili, umemshika mwizi.

Kisha pima kwa macho, kwa sababu habari za ndani ya faili nazo huweza kudanganya. Tafuta mahali patatu, karibu na mwanzo, katikati na karibu na mwisho, ambapo jambo moja linaonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Kikombe kinatua mezani. Mtu anapiga kofi. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, tumia midomo yenyewe: tafuta neno lenye p au b, mzungumzaji akiwa ameielekea kamera. Kwenye "baba" au "pale" midomo hufunga kabisa kabla ya kuachana, na kwenye mawimbi ya sauti utaona kimya kifupi kisha mlipuko mdogo unaosimama wima. Fremu ambayo midomo inaachana na mlipuko ule vinatakiwa kukutana. Sogea fremu moja moja, andika saa ya picha, andika saa ya sauti, toa moja kwa nyingine. Fremu moja ya 29.97 ina milisekunde 33 hivi, kwa hiyo usijisumbue na tofauti iliyo chini ya hapo.

Vipimo hivi vitatu ndivyo vitakavyokuambia la kufanya, na ningependa mtu yeyote mwenye tatizo la aina hii avichukue kabla ya kugusa kitufe chochote. Pengo likiwa lilelile kote, tuseme sekunde 0.8 mwanzoni, katikati na mwisho, basi kitu kimeanza mapema au kimechelewa kuanza: mtu alikata sekunde za mwanzo za video, au sauti na picha havikuanza pamoja ndani ya faili. Hapo, na hapo tu, kusogeza alama zote kwa kiasi kimoja ni dawa halali, na ELAN ina amri yake kwenye menyu ya alama. Pengo likikua kwa mstari ulionyooka kama lako, tatizo ni kasi. Pengo likiwa sifuri mpaka mahali fulani kisha likaruka ghafla na kubaki hapo, kuna kipande cha video kilichopotea: kadi ya kumbukumbu ilikwama, au kamera ilikatiza faili na mtu akaunga vipande vibaya. Na pengo likipanda na kushuka bila mpango, mara 0.2, mara 0.7, mara 0.4, hiyo ni kasi ya fremu isiyotulia, ugonjwa wa simu. Simu nyingi hurefusha muda wa kila fremu mwanga unapopungua, ili kamera ipate nuru ya kutosha, kwa hiyo video ya chumba chenye dirisha moja inaweza kuwa na fremu chache wingu likipita na nyingi likiondoka.

Sasa uone kwa nini kusogeza kote kwa sekunde mbili kungekuwa balaa. Dakika ya 40 ungekuwa karibu na sawa, lakini dakika ya kwanza, ambako leo hakuna kasoro inayoonekana, ungekuwa umeharibu kwa karibu sekunde mbili nzima. Na alama za maneno, ambazo zimekaa sawasawa na sauti kote, zingekosea kote.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Unaandika miondoko ya mikono kando ya maneno, kwa hiyo nadhani mwishoni utauliza: je, mkono huanza kabla ya neno, pamoja nalo, au baada yake? Watafiti wa ishara za mikono wameshaonyesha mara nyingi kwamba mkono huelekea kuanza kutembea kabla kidogo ya neno unaoendana nalo. Safu yako ya mikono umeifanya kwenye picha inayokwenda mbio. Maana yake kila mwondoko umepewa saa ya mapema kuliko ilivyokuwa kweli, kidogo mwanzoni, sekunde mbili na zaidi mwishoni. Ungefanya hesabu zako leo, ungepata kwamba mikono inatangulia maneno, ungefurahi kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema, na huenda ungeongeza kwamba kadiri mazungumzo yanavyoendelea watu huzidi kutanguliza mikono. Ungekuwa umegundua kosa la kubana video. Makosa ya saa yanayopingana na matarajio yetu huwa tunayakamata. Yanayokubaliana nayo hupita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho.

Basi tiba. Safu ya maneno iache. Usiiguse kabisa.

Video iliyobanwa iondoe kwenye kazi. Rudi kwenye ya asili na uibane upya bila kugusa kasi yake. Ukiwa na ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza na kubana video kwa amri za maandishi, amri hii inatosha:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 20 -g 15 -c:a aac nyepesi.mp4

Inapunguza picha mpaka urefu wa pikseli 720 kwenda juu, inaibana kwa ubora mzuri, na kwa kuwa haitaji kasi ya fremu popote, kasi inabaki ya asili. Kubana video hakudhuru saa, na hili nalisisitiza kwa sababu wengi wakishaungua mara moja huapa kutobana tena na kuishia na kompyuta zinazokwama. Kinachodhuru ni kubadili kasi bila kukusudia. Hiyo -g 15 nitaieleza tukifika kwenye tatizo lako la pili. (Kama chanzo kingekuwa simu yenye kasi isiyotulia, ungeweka fps=30 ndani ya -vf kando ya scale, na ffmpeg ingeirudia au kuiacha fremu pale inapolazimu ili urefu ubaki wa kweli.) Ukishamaliza, ipime tena kwa MediaInfo, kisha uiunganishe kwenye ELAN kupitia orodha ya faili zilizounganishwa, na uiondoe ile ya zamani.

Inabaki safu ya mikono, na hii kweli inahitaji kurekebishwa, lakini kwa kuzidisha, si kwa kusogeza. Saa ya kweli ni saa uliyoandika mara 1.001. Mwondoko ulioandikwa kwenye milisekunde ya 2397602 unarudi 2400000. Ulioandikwa kwenye sekunde ya kumi unasogea milisekunde kumi tu, yaani hausogei kwa maana yoyote. Njia iliyo rahisi kwa mtu asiyeandika programu ni hii: toa safu hiyo peke yake kutoka ELAN kama maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo, ukichagua saa ziandikwe kwa milisekunde. Ifungue kwenye Excel au lahajedwali lolote. Zidisha safuwima ya mwanzo na safuwima ya mwisho kwa 1.001, uzungushe kuwa namba kamili, hifadhi, kisha iingize ELAN kama kazi mpya na kuiunganisha na ile yenye safu ya maneno. Wanaotumia Praat, programu ya kuchambua sauti, wanaweza kuitoa safu kama TextGrid (faili ya alama ya Praat) na kuizidisha saa zake humo humo, matokeo ni yaleyale. Tahadhari moja: safu yenye watoto, yaani safu nyingine zilizotundikwa chini yake, hupoteza ukoo wake ikipita kwenye lahajedwali. Kwa maelezo yako safu ya mikono imesimama peke yake, kwa hiyo haikuhusu. Ingekuwa na watoto, ningekushauri utafute mtu mwenye kuijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, azizidishe namba ndani ya faili ya .eaf moja kwa moja.

Ila usizidishe kwa 1.001 kwa sababu mimi nimesema. Zidisha kwa namba uliyoipata mwenyewe: urefu wa picha ya asili gawanya kwa urefu wa picha iliyobanwa. Ikitoka 1.001, vizuri. Ikitoka 1.0007, basi kamera yako au programu ya mwenzako ilifanya jambo jingine kidogo, na namba yako ndiyo yenye haki.

Sasa tatizo la pili, la kubofya alama ileile na kupata picha mbili. Video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha fremu nyingi zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu: hapa mkono umesogea, pale kivuli kimeongezeka. Ili kukuonyesha fremu iliyo katikati, kompyuta inabidi irudi kwenye fremu kamili ya nyuma na kuyajenga mabadiliko yote mpaka hapo. Kibanaji cha x264, kilekile kinachoitwa kwenye amri yetu ya juu, kikiachwa na mipangilio yake huweza kuweka fremu kamili moja tu katika kila fremu 250, ambayo ni zaidi ya sekunde nane. Vichezeshi vingine hufanya kazi hiyo yote kwa uaminifu na kuchelewa kidogo. Vingine huona uvivu, vikasimama kwenye fremu kamili iliyo karibu au fremu iliyokuwa tayari. Ndiyo maana mbofyo wa kwanza na wa pili vinatofautiana: umetokea upande tofauti, au kompyuta ilikuwa na shughuli.

Ile -g 15 inaagiza fremu kamili moja angalau katika kila fremu 15, yaani kila nusu sekunde. Faili inanenepa kiasi, lakini kurukaruka kunakuwa kwepesi na kwa uhakika zaidi. Bado ikisumbua, ELAN hukuruhusu kubadilisha injini inayochezesha video, ndani ya mipangilio ya ELAN yenyewe, sehemu ya mfumo wa kompyuta. Jaribu nyingine, ufunge programu na kuifungua upya, kisha ubofye alama zilezile. Na ukiwa na wenzako mnaogawana kazi, hakikisheni wote mnatumia injini moja na faili moja ya video. Tofauti ya fremu mbili tatu kati ya watu wawili huonekana kama kutokubaliana kwa macho yao, kumbe ni kutokubaliana kwa kompyuta zao.

Kuhusu kuhamia programu nyingine: hama kama unataka, lakini usihame kwa sababu hii. BORIS, inayopendwa na wanaochunguza tabia za wanyama, nayo huandika saa, si fremu zilizogandishwa, na video hiyohiyo ingekuletea pengo hilohilo. Kinovea ya watu wa michezo ina mtego wake wa ziada, video za mwendo wa polepole: ukirekodi fremu 240 kwa sekunde na faili ikachezwa kwa 30, kila sekunde ya kweli inakuwa sekunde nane kwenye skrini, na usipoiambia programu kasi halisi ya kurekodi, mkimbiaji wako atapimwa kama kobe.

Kabla sijaliacha, mambo madogo mawili ambayo huiba milisekunde kimyakimya. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huweza kufika sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukikata alama kwa kusikia tu, bila kutazama mawimbi, unaweza kuzikata zote zikiwa zimechelewa. Tumia hedifoni ya waya. Na ukiweka alama kwa kubonyeza kitufe video ikiwa inakwenda, kidole chako huchelewa baada ya jicho kwa karibu robo ya sekunde, na ukichoka zaidi ya hapo. Kwa kuhesabu matukio haina neno. Kwa kupima nani alitangulia, simamisha video ukate kwa mkono.

Na siku nyingine mkirekodi sauti kwa kinasa cha pembeni badala ya kutegemea ya kamera, pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Saa ya kinasa na saa ya kamera hazikubaliani kamwe kikamilifu. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, ambayo ni ya kawaida kwa vifaa visivyo ghali, inatoa milisekunde 180 kwa saa moja. Kofi la mwanzo linakupa pengo la kuanzia, la mwisho linakupa kasi. Wengi hupiga la mwanzo tu.

Lini uache kujitibu na kumtafuta mtu wa kukaa naye mbele ya kompyuta? Kama video ya asili imefutwa na imebaki iliyobanwa tu, usikate tamaa, sauti ya dakika 45 kamili bado ni rula nzuri, lakini kunyoosha picha upya kwa kufuata sauti kunataka mkono uliozoea. Kama vipimo vyako vitatu vinapanda na kushuka bila mpango, au pengo linaruka zaidi ya mara moja, hesabu moja haitoshi na kila kipande kinahitaji tiba yake. Kama kwenye maabara yenu mna kamera kadhaa, au kifaa cha kufuatilia macho, au vipimo vya mwendo wa mgonjwa, fundi wa maabara ndiye anayejua vifaa hivyo vinaoanishwaje, na kubahatisha huko kuna madhara kwa mtu, si kwa chati tu. Na kama video ni ushahidi wa kesi, usiibane, usiibadili, usiifungue hata kwa majaribio. Mkabidhi anayehusika ikiwa kama ilivyotoka kwenye kamera.

Ukienda kwa fundi, mpelekee video ya asili, ile iliyobanwa, faili ya .eaf, na karatasi yenye vipimo vyako vitatu: saa ya picha, saa ya sauti, tofauti. Muulize pia mwenzako alitumia programu gani kubana na alichagua nini kwenye sehemu ya kasi ya fremu. Akisema aliandika 30, fundi hatakuwa na kazi kubwa.